Mashine Isiyo na Tundu la Sarafu

Walipoingia, Jumanne asubuhi, Mwanaima alikuwa akihesabu nukta za mkono wa pweza. Alikuwa ameuchora mkono huo kwenye daftari la hesabu, miraba minane kwenda upande, miraba minane kushuka chini, na sasa alikuwa akipaka penseli ile miraba aliyotaka iwake kwenye runinga. Mashine ya gemu ya kaseti, ile ya zamani ya rangi ya kijivu iliyokuwa ikiuzwa kila duka la Mombasa kabla watoto hawajajua simu, haikubali zaidi ya rangi tatu kwa mchoro mmoja. Pweza alihitaji ya nne. Tangu Jumamosi Mwanaima alikuwa akitafuta namna ya kumdanganya mchezaji macho.

"Mtu asiguse kitu!"

Walikuwa watatu. Aliyesema ni Koplo Japheth wa kituo kidogo cha polisi. Nyuma yake alikuwako askari kijana asiyetamka neno, na mlangoni, akiipangusa kofia yake kama mtu aliyepita tu njia, alisimama Abdurahman, chifu wa Mwachidungo. Hakuna aliyebisha hodi. Kibanda kile cha kutengeneza redio na runinga kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Ukivuka pazia uko ndani kwa watu, na wakati ule nyuma ya pazia Bi Mejumaa, mama mkwe wa Mwanaima, alikuwa juu ya mswala akiswali Dhuha.

Boga, mume wa Mwanaima, aliiweka chini solda iliyokuwa bado moto. "Salaam aleikum, Chifu. Kulikoni?"

"Mashine za kamari," alisema Chifu pasi na kumtazama. "Tumeletewa habari."

"Kamari? Hapa kwangu?"

Koplo alikwisha kuzifikia zile mashine za kijivu. Zilikuwa tatu, mbili zimefunguliwa matumbo. "Na hizi ni nini?"

"Ni za gemu, afande," alisema Mwanaima. "Hizo mbili ni mbovu, nazitoa vipuri. Hiyo nzima ndiyo ninayofanyia kazi. Ni zangu mimi."

Koplo alimtazama kwa muda mfupi, kama mtu atazamavyo kuku aliyeingia ofisini, kisha akamgeukia Boga. "Mwenye nyumba ni nani?"

"Ni mimi. Lakini mashine ni za mke wangu, kama alivyokwambia."

"Basi wewe ndiye mshukiwa. Vaa viatu."

Walichukua mashine zote tatu pamoja na kaseti moja isiyo na picha juu yake. Walichukua laptopu, na flashi ikiwa imechomekwa ubavuni. Runinga hawakuichukua kwa sababu ilikuwa nzito. Bi Mejumaa alipotoka, tasbihi ingali mkononi, alimkuta mwanawe ameshikwa mkanda wa suruali kwa nyuma, mbele ya wateja wawili na mwuza maji.

"Shikamoo, Bi Mejumaa," Chifu alisema kwa mazoea.

Bi Mejumaa hakumwitikia. Umri wake wote hakuwahi kuiacha salamu ya mtu ikaanguka chini. Siku ile aliiacha.

Na si kwamba mashine za kamari hazikuwako Mwachidungo. Zilikuwako. Katika baa ya Elijah, pale njia kuu ya kwenda Msambweni, zilikuwa tisa, zimepangwa ukutani zikimetameta taa nyekundu na kijani, na mlio wa sarafu za shilingi ishirini zikimezwa ulisikika hadi stendi ya bodaboda. Watu waliacha humo mshahara wa hoteli na bei ya samaki. Kila mtu alijua, na kila mtu alijua pia pikipiki ya Chifu huegeshwa wapi jioni. Ila wiki ile amri ilikuwa imeshuka kutoka juu kwamba kila chifu alete mashine za kamari uwanjani Alhamisi, zichomwe mbele ya wananchi na kamera. Chifu Abdurahman alihitaji mashine. Za Elijah hazikuwezekana.

*

Kituoni, Mwanaima alisimama mbele ya meza ya Koplo Japheth kwa saa mbili kabla ya kuulizwa kitu. Benchi lilikuwako, lakini juu yake iliwekwa kofia ya askari, na hakuna aliyeiondoa.

"Haya, eleza. Hiyo kitu inafanya nini?"

Mwanaima alieleza. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini aliamini kwamba akieleza vizuri, Boga atatoka. Alisema miaka miwili iliyopita mteja mmoja wa Galu aliiacha mashine ile itengenezwe na hakurudi kuichukua. Boga akaiwasha, ikawaka. Yeye akajiuliza ni nani anayeiambia runinga iwe na rangi ile pale na rangi nyingine hapa. Akapata kitabu kwenye simu, kurasa mia nne, kikieleza namna ya kuandika programu ya mashine hiyo kwa lugha yake yenyewe, amri moja moja. Programu yake ya kwanza haikufanya kitu ila kugeuza runinga iwe buluu. Ilimchukua siku kumi na moja. Runinga ilipogeuka buluu alimwita mumewe atoke chooni aje aone.

"Buluu tu?" aliuliza Koplo.

"Buluu tu, afande. Halafu nikapata nukta. Halafu nukta ikatembea. Kumbukumbu yote ya mashine hii ni herufi elfu mbili na kidogo, haijazi hata ukurasa wa gazeti. Kila kitu lazima kienee humo: mwamba, maji, pweza, na mwanamke anayemtafuta."

Hapo sauti yake ilipata nguvu. Alieleza kwamba mavyaa yake, Bi Mejumaa, ni mzaliwa wa Mkwiro, na alichokoa pweza kwa miaka thelathini. Yeye ndiye aliyemwambia pweza huziba mlango wa tundu lake kwa mawe, hugeuka rangi ukimkaribia, na maji yakianza kujaa hayaji kwa mbele tu, hukuzunguka kwa nyuma. Gemu yenyewe ndiyo hiyo. Mwanamke mwenye leso na kijiti cha kuchokorea, maji yamekupwa, na lazima arudi ufukweni kabla hayajamzunguka.

"Kuna watu katika nchi nyingi ambao bado wanatengeneza gemu mpya za mashine hizi za zamani, kwa mapenzi tu. Kila mwaka wana mashindano yao mtandaoni. Yangu ni ya kutumwa Jumapili hii. Afande, imebaki rangi ya pweza tu."

"Mashindano," alisema Koplo Japheth, na kwa mara ya kwanza akaishika kalamu vizuri. "Mshindi anapewa kitu?"

"Kuna zawadi ndogo, lakini siyo..."

"Kwa hivyo kuna pesa."

Aliandika mstari mmoja. Mwanaima, aliyekuwa amezoea kusoma maandishi madogo hata yakiwa juu chini, aliusoma: *Mshukiwa na mkewe wanaendesha gemu ya kushindania pesa na watu wa nchi za nje.* Siku kumi na moja za buluu hazikuandikwa, wala Mkwiro. Koplo alikifunga kitabu na kumwambia arudi kesho na mtu wa kumdhamini mumewe, mtu mwenye cheo, siyo hawa wa vibandani.

Boga alilala humo, katika chumba kimoja na walevi sita na ndoo moja.

*

Alhamisi asubuhi, Boga ameshatoka kwa dhamana ya mwalimu mmoja mstaafu, simu ya Mwanaima ililia. Alikuwa Purity, mwenye duka la M-Pesa lililotazamana na uwanja. Purity alikuja kutoka Machakos miaka minane iliyopita na Kiswahili chake hakikuwahi kuvua viatu vya safari.

"Mwanaima, kuja haraka. Zile mashine zenu nimeziona hapa kwa uwanja. Wako na petroli!"

Mwanaima alikimbia na kanga ya nyumbani. Uwanjani palikuwa na hema, viti vya plastiki vyenye vitambaa, na wanafunzi wa shule ya msingi waliotolewa darasani wakapangwa juani ili waonyeshwe mfano. Mkubwa aliyetoka mjini, mwenye sare iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, alikuwa akisema kwenye kipaza sauti kuhusu kizazi kinachoangamia. Mbele yake palikuwa na rundo la mashine kumi na moja. Nane zilikuwa masanduku ya mbao yasiyo na kitu ndani, mengine hata kioo hakina. Mawili kati yake yalikuwa na jina la baa ya Elijah, rangi ikiwa imechakaa, mizoga iliyotupwa nyuma ya baa tangu mwaka juzi. Na juu ya rundo, mahali pa kuonekana na kamera, ziliwekwa zile tatu za kijivu. Kaseti ya gemu yake ilikuwa ingali imechomekwa.

"Si kamari hizo!" Mwanaima alipiga kelele. "Tazameni! Haina hata tundu la kutilia sarafu! Sarafu ataitia wapi mtu?"

Askari kijana, yule yule wa Jumanne, alimzuia kwa mikono miwili. Mwanaima aliendelea kupiga kelele. Watu waligeuka. Simu zilinyanyuliwa juu.

Mkubwa alimtazama, kisha akatabasamu na kukirudisha kipaza sauti mdomoni. "Mwaona wenyewe, wazazi. Kamari ikishakuingia, mtu mzima unaililia kama mtoto anayeachishwa ziwa."

Uwanja ulicheka. Haikuwa kwa ubaya, jua lilikuwa kali na walikuwa wamesimama muda mrefu. Lakini walicheka, na katika wenye kucheka walikuwamo watu waliotengenezewa redio zao na Boga kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Halafu moto ukawashwa. Mbao zilichelewa kushika. Plastiki haikuchelewa. Ilijikunja, ikatoa moshi mweusi uliowakohoza wanafunzi wa mstari wa mbele, na ndani ya dakika tano hakuna aliyeweza kusema vitu vile vilikuwa nini.

Purity alimshika mkono hadi dukani kwake akampa maji. "Lakini uko na copy, sindio? Kwa laptop?"

"Iko kwenye laptopu," alisema Mwanaima. "Na kwenye flashi."

"Na hizo ziliwekwa kwa ile moto?"

Mwanaima alifikiri. Hakuziona katika rundo. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alipumua.

*

Ijumaa baada ya sala alikwenda kwa Chifu. Aliichukua karatasi ya polisi iliyoorodhesha vitu vilivyochukuliwa, ile aliyopewa Boga alipotoka. Iliandikwa: *mashine za kamari, tatu.* Basi. Laptopu haikutajwa wala flashi.

Hakuhitaji kuuliza sana. Laptopu ilikuwa juu ya meza ya karani wa Chifu, imeegemezwa kwenye faili, na karani alikuwa akitazama harusi ya mtu. Mwanaima aliijua kwa kifungo cheupe cha shati alichokibandika mahali pa herufi M, baada ya kitufe chenyewe kung'oka.

"Hiyo ni yangu," alisema.

Karani aligeuza kioo upande wa ukuta. Chifu Abdurahman akatokea mlango wa ndani, mkono kifuani, uso wa huruma. "Karibu, mwanangu. Keti. Mimi na marehemu baba yake Boga tulisoma chuo kimoja cha Kurani, juzuu moja, mkeka mmoja."

"Chifu, laptopu yangu ni ile."

"Ile ni ya ofisi."

"Ina kifungo cha shati la mume wangu."

Chifu alicheka kidogo, akafunga mlango wa karani. Alikaa karibu naye kuliko ilivyofaa, akateremsha sauti. "Sikiliza. Kesi iko Kwale mwezi huu. Mwambie Boga akubali kosa. Hakimu atamtoza faini ndogo, atamwonya, mambo yaishe. Mimi sitaki kuwatesa. Akikubali, na hicho kifaa chako nacho tutakitafuta, huenda kikapatikana."

"Kimeshapatikana. Kiko hapo nje."

"Mwanaima." Uso wa huruma ulimtoka. "Una miaka mingapi kwenye nyumba ile? Sita? Wenzako wa rika lako wanapeleka watoto shule. Wewe mwanamke mzima umekaa unachora vipweza kwenye runinga. Huna mtoto wa kulea, basi hata aibu huna?"

Miaka yote ile Bi Mejumaa hakuwahi kumwambia neno hilo, wala Boga, wala mama yake mzazi. Ilibidi aje aambiwe na mtu aliyeiba laptopu yake. Alisimama. Akafungua mlango mwenyewe. Alipopita mezani, karani alikuwa ameiongeza sauti ya harusi.

*

"Nikubali," alisema Boga jioni ile. Walikuwa wamekaa sebuleni, sahani za wali hazijaguswa. "Nikubali tu. Wewe hukulala mle ndani. Hujui harufu ya ile ndoo. Leo wamekuja watu wanne kuchukua redio zao ambazo hata sijazifungua. Mmoja ameniambia anaogopa polisi watakuja tena wachukue na yake."

"Na gemu?" aliuliza Mwanaima.

"Chifu si amesema nikishaukubali huo uongo wao atakupa laptopu? Utume Jumapili, ukimaliza!"

"Kesi ni mwisho wa mwezi huu, Boga. Jumapili ni keshokutwa."

Boga aliisukuma sahani yake kando. Alikuwa ameisahau Jumapili, na alipoikumbuka aliona haya, na ile haya ikamgeuka hasira. "Basi ishapita! Kama ishapita, tunapigania nini? Nijitie kitanzi kwa sababu ya pweza wa runinga?"

Bi Mejumaa alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa uani. Alhamisi alikuwa amekwenda kwenye khitma ya jirani, na wanawake wa kisomo, aliokaa nao mkeka mmoja kwa miaka ishirini, walimsogezea sahani ya haluwa bila mtu kusogea kumpa nafasi. Hakuwaambia wanawe. Alirudi, akavua baibui, akasema ana kichwa.

"Boga," alisema sasa. "Wewe ulicheza kamari?"

"Mama, wajua sikucheza."

"Najua mimi. Hakimu akikuuliza ukasema ndiyo, itakuwa ulicheza. Itaandikwa. Na mimi nitakuwa mama wa mcheza kamari, na hii nyumba aliyoijenga baba yako kwa mikono yake itakuwa nyumba ya kamari, hata tukifa. Haramu sikuifanya, siwezi kuibeba." Aliishika tasbihi, akaiacha. "Kama ndoo inakutisha, nitakwenda kulala mimi. Lakini usikubali."

"Mama..."

"Nimemaliza kusema."

Jumapili ilikuja ikapita. Mwanaima aliufungua ukurasa wa mashindano kwenye simu saa sita mchana na kuona gemu thelathini na nane zimeorodheshwa, za watu wa nchi asizowahi kufika, kila moja na picha yake ndogo ya rangi tatu tatu. Aliwaandikia waandalizi mstari mmoja: *Yangu imechukuliwa na polisi.* Alijibiwa na mtu mmoja aliyedhani anatania, akamtumia kikatuni cha kucheka.

*

Mahakamani Kwale kesi yao iliitwa ya tisa. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesikiliza wizi wa mbuzi wawili na ugomvi wa mpaka. Mwendesha mashtaka alisoma shtaka: kupatikana na mashine za kamari bila leseni.

"Si kweli, mheshimiwa," alisema Boga. Akarudia, kwa sauti zaidi. "Si kweli."

"Leteni vizibiti," alisema hakimu.

Mwendesha mashtaka alitafuta kitu kwenye faili. "Mheshimiwa, viliteketezwa katika hafla ya umma. Tuna picha."

"Viliteketezwa lini?"

"Siku mbili baada ya kukamatwa, mheshimiwa."

"Mlichoma ushahidi kabla ya kesi?"

"Ilikuwa amri, mheshimiwa."

Hakimu aliichukua picha, akaivuta karibu na miwani. Ilikuwa picha nzuri: mkubwa ameshika kiberiti, rundo mbele yake, na mashine tatu za kijivu juu kabisa. Alimwita Koplo Japheth kizimbani.

"Koplo, hii ya kijivu. Mchezaji anatia wapi sarafu?"

Koplo aliitazama picha. "Mheshimiwa, inachomekwa kwa TV."

"Sikukuuliza inachomekwa wapi. Nimekuuliza sarafu inatiwa wapi."

"Mimi sijui mambo ya ndani, mheshimiwa. Mimi nilitii amri."

"Uliiwasha?"

"Hapana."

"Kuna mtu yeyote aliyeiona ikichezwa kwa pesa?"

Koplo aligeuza macho kumtafuta Chifu Abdurahman, na Chifu, aliyekuwa benchi la mbele, akainama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Boga hakuwa na wakili. Alipoulizwa kama ana shahidi, alimtaja mama yake. Bi Mejumaa alipanda kizimbani polepole, akakataa mkono wa karani, akaapa kwa sauti iliyofika mlangoni.

"Mama, unaijua hii mashine?" aliuliza hakimu.

"Naijua vyema. Nimeicheza."

Watu walicheka chini kwa chini. Hakimu aliinua mkono, wakanyamaza. "Umeicheza wewe?"

"Mimi ndiye niliyemo ndani. Yule mwanamke mwenye leso ni mimi. Mkaza mwanangu aliniuliza pweza anavuliwaje, nikamweleza, akaniandika. Akishaandika kipande huniita, nishike kile kidude nitazame kama ni kweli. Kama si kweli namwambia, anafuta, anaandika tena. Miaka miwili tumefanya hivyo."

"Ulilipa chochote kucheza?"

"Nimlipe nani? Mkaza mwanangu?"

"Na ukishinda unapata nini?"

"Sijashinda," alisema Bi Mejumaa. "Nimezama mara nyingi. Mkwiro sikuzama hata siku moja, lakini mle ndani maji yake ni mabaya." Hapo akaushika ubao wa kizimba kwa mikono yote miwili. "Mheshimiwa, mimi ni mtu wa kusali. Nina miaka sitini na minane. Watu hawa waliingia kwangu niko mbele ya Mola wangu, bila hodi, wakamtoa mwanangu kama mwizi na kunitangaza mimi uwanjani kuwa mtu wa kamari. Na kamari ipo! Wote waliomo humu wanajua iko wapi! Muulize Chifu yule pikipiki yake hulala wapi!"

"Mama, jibu uliloulizwa tu," alisema hakimu, lakini hakusema kwa ukali, na kalamu yake iliandika kwa muda.

Uamuzi haukuchukua nusu saa. Hakuna ushahidi wa kamari, hakuna kizibiti, mshtakiwa ana haki ya kwenda zake. Boga alisimama hapo hapo kizimbani kama asiyeelewa kwamba mlango wake umefunguliwa. Hakimu alikwisha kuishika faili ya kumi aliposikia sauti kutoka nyuma.

"Mheshimiwa, na laptopu?"

"Nani huyo? Kaa chini, mama."

Mwanaima hakukaa. "Walichukua laptopu yangu na flashi. Hazimo kwenye orodha yao, lakini laptopu najua ilipo. Iko juu ya meza ya karani wa Chifu. Ina kifungo cheupe cha shati mahali pa herufi M."

Hakimu alimtazama, kisha akamtazama Chifu Abdurahman, ambaye safari hii hakuwa na kiatu cha kufunga. "Chifu, kuna laptopu ya namna hiyo ofisini kwako?"

"Mheshimiwa, ilikuwa... imehifadhiwa."

"Iletwe hapa mahakamani kabla ya saa tisa."

*

Iliwasili saa tisa kasoro dakika kumi, ndani ya mfuko wa kubebea mboga. Koplo Japheth ndiye aliyeileta, amelowa jasho la pikipiki, akaiweka kwenye meza ya askari wa mahakama. Boga na mama yake walikuwa nje kivulini. Mwanaima aliingia peke yake.

Aliiwasha palepale. Ilichukua muda kuwaka, kisha ikaleta picha ya ua asiyoijua, kama laptopu ya mtu mwingine. Alilitafuta jalada la pweza. Alitafuta kwa jina, kisha kwa tarehe, kisha akafungua kila mahali palipofunguka. Palikuwa na harusi mbili na nyimbo. Ubavuni, tundu la flashi lilikuwa tupu.

"Flashi iko wapi?"

"Flashi sijui," alisema Koplo. "Niliambiwa laptop."

"Imefutwa. Kila kitu kimefutwa."

"Si imewaka? Si ni nzima?" Alitoa fomu kwenye faili, akaigeuza upande wake, akaweka kidole juu ya mstari. "Sign hapa twende. Nina safari."

Mwanaima aliisoma fomu. Ilikuwa imechapishwa tayari, yenye nafasi ya jina na tarehe tu. *Nimepokea mali yangu yote ikiwa katika hali nzuri, na sina dai lolote.* Aliisoma mara mbili, taratibu, kama alivyozoea kuzisoma amri za ile mashine, moja moja, akitafuta ile iliyokosewa. Kisha akaichukua kalamu, akaweka jina na tarehe. Maneno *yote ikiwa katika hali nzuri, na sina dai lolote* akayapiga mstari. Juu yake, kwa herufi ndogo zilizonyooka, akaandika: *Nimepokea laptopu tupu. Kazi yangu ya miaka miwili iliyokuwa ndani imefutwa ikiwa mikononi mwa serikali. Flashi haikurudishwa. Mashine tatu zilichomwa. Nadai.*

Akatia sahihi.

Koplo Japheth aliivuta fomu, akaisoma huku midomo ikitembea, uso ukamwiva. "Umefanya nini? Umeharibu fomu ya serikali! Hii nitaipeleka wapi ikiwa hivi?"

"Lete nyingine," alisema Mwanaima. "Nitaiandika hivyo hivyo."

Na hakuiweka kalamu chini. Alisimama nayo mezani, akingoja fomu.